Mpunga tasa wa Uchina na siku za Embu zisizorefuka

Ukitoka Embu kwenda Meru kwa matatu, ukishapita Chuka, ukishapita Nkubu, kuna bango la ikweta kando ya barabara. Dereva hapunguzi mwendo. Msee wa kiti cha mbele anaendelea kutafuna miraa yake, mama wa nyuma anaendelea kusinzia, na wewe unavuka kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine kabla hujafungua simu upige picha. Nimelipita bango hilo mara nyingi na sikuwahi kujiuliza lina kazi gani kwa mtu ambaye si mtalii. Jibu nililipata kwa mpunga.

Tuanze na saa. Kiswahili kinahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi, mwanga ushafika. Saa moja jioni, giza lishaingia. Kumi na mbili za mchana, kumi na mbili za usiku, hesabu imefungwa. Mtu wa London hawezi kuishi na saa kama hii. Desemba jua lake linazama mnamo saa kumi jioni, Juni linazama saa tatu na dakika ishirini usiku. Saa yetu ni saa ya watu wa ikweta, na tumeizoea hadi hatuioni.

Mji wa Embu uko nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Ukishuka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, ni kama digrii 0.7. Hapo tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote kwa mwaka mzima ni dakika tano hivi. Dakika tano! Hazitoshi hata kungoja chai ichemke. Najua kuna mtu ataniambia, mbona Februari kunakucha kwa kuchelewa na Novemba kunakucha mapema? Ni kweli. Macheo husogea karibu nusu saa, kutoka saa 12:11 hivi hadi 12:41 hivi. Lakini machweo husogea pamoja nayo. Siku inahama, hairefuki.

Sasa nenda Wuhan, mkoa wa Hubei, Uchina. Juni siku ina saa 14 na dakika chache. Desemba ina saa 10 na kidogo. Saa nne za tofauti. Na huko Hubei ndiko ulikopatikana mpunga ambao siku zikirefuka unakuwa tasa upande wa kiume, na siku zikifupika unazaa kama kawaida.

Soma hiyo sentensi tena. Mmea uleule, shamba lilelile. Ukipandwa ili uchanue siku zikiwa ndefu, chavua yake inakufa na hakuna punje inayotoka. Ukichelewa kupandwa ukachanua siku zikiwa zimefupika, masuke yanajaa.

Kabla sijaenda mbali, niseme kwa nini jambo hili lilinikaa kichwani. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Sitaeleza zaidi, nusu yenu mnaosoma hapa mnaijua hiyo hadithi. Nilikuwa nasomea kilimo, na somo lililokuwa likinitoa jasho ni jenetiki. Nilipoondoka nilijiambia afadhali, sitawahi tena kusikia neno jeni maishani. Halafu kuna cucu. Cucu wangu analima pishori upande wa Mwea, ekari moja ya kukodi, na huniita "mume wangu" kwa sababu nimebeba jina la guka, Mungu amrehemu. Kila nikifika kwake nikiwa nimesota Nairobi, nalipia chakula kwa kufukuza ndege. Unakaa na debe kuukuu, unapiga, ndege wanaruka, wanatua hatua kumi mbele. Kazi ya siku nzima, kuanzia jua hadi jua, na ndiyo siku zote ni saa kumi na mbili.

Msimu mmoja nikiwa hapo, cucu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alikuwa amesikia kwenye mkutano wa wakulima kwamba kuna mbegu ya mpunga chotara, inazaa kushinda hii yetu, ila bei yake si ya mchezo na huwezi kuiweka ukapanda tena. "Wewe ulisomea mambo haya, mume wangu," akasema. "Kwa nini mahindi chotara yako kila duka, na mpunga chotara unaongelewa tu kama kitu cha matajiri?"

Nikasema nitatafuta. Na nikatafuta kweli, kwa bando za shilingi ishirini.

Mahindi ni rahisi. Sehemu ya kiume iko juu kichwani, ile mbelewele inayopeperusha unga. Sehemu ya kike iko chini kwenye gunzi, na nywele zake. Ukitaka chotara, unapanda aina mbili kando kando, unawakata vichwa mahindi unayotaka yawe mama, basi. Baba atawavushia chavua. Ni kazi ya panga na watu wa kulipwa kwa siku.

Mpunga hautoi nafasi hiyo. Ua la mpunga ni dogo sana, na ndani yake mume na mke wanaishi chumba kimoja. Vifuko sita vya chavua vimelizunguka kikonyo la kike, na mara nyingi kazi inakuwa imekwisha wakati ua linapofunguka. Linajizalisha lenyewe. Ili kutengeneza mbegu chotara, lazima kila ua la mama uondoe vifuko vyote sita kwa koleo ndogo, kabla ya asubuhi ya kuchanua. Suke moja lina maua mengi kupita mia. Ekari moja ina masuke mangapi? Hakuna kibarua duniani wa kumaliza kazi hiyo.

Ndiyo sababu watu wa mbegu wanautafuta mpunga ambao mume wake hana uwezo kwa kuzaliwa. Sio mkosi kwao, ni dhahabu. Ukiwa na mpunga tasa dume, unaupanda mistari, katikati unaweka mistari ya baba mzima, na adhuhuri maua yakifunguka vijana wawili wanashika ncha za kamba ndefu, wanaivuta juu ya masuke ya baba, chavua inaruka kama vumbi la barabara ya murram. Kila punje itakayotoka kwa mama ni chotara, hakuna njia nyingine ingeweza kutungwa. Na chotara mzuri huzaa zaidi ya aina za kawaida kwa asilimia 15 hadi 20. Uchina ilianza hivyo mwaka 1973 chini ya Yuan Longping, yule mzee aliyefariki Mei 2021 na watu wakajaa barabarani kumuaga, na leo karibu nusu ya mpunga wake ni chotara.

Lakini njia ya kwanza ya Yuan ilikuwa na usumbufu wake. Kama mama ni tasa siku zote, utapata wapi mbegu ya mama mwenyewe? Hajizalishi. Ilibidi kumtafutia mwenzake wa tatu, mpunga pacha unaofanana naye kila kitu isipokuwa utasa, kazi yake ni kumpa mama mbegu za kuendeleza ukoo. Wanaiita njia ya koo tatu. Inafanya kazi, ila ni ghali, na kupata baba anayerudisha uzazi kwa watoto ni kutafuta sindano kwenye pumba.

Na hapa ndipo anaingia jamaa ninayempenda kuliko wote kwenye kisa hiki. Anaitwa Shi Mingsong. Alikuwa fundi wa kilimo wilayani, sio profesa wa chuo kikubwa. Mwaka 1973, kwenye shamba la mpunga aina ya Nongken 58 huko Hubei, aliona mashina machache yasiyotoa punje. Mtu mwingine angeng'oa akatupa. Yeye aliyaweka, akapanda tena na tena kwa tarehe tofauti, na akagundua kwamba utasa unafuata kalenda. Mama huyu hahitaji pacha. Siku ndefu, ni tasa, mpandie baba upate chotara. Siku fupi, anajizalisha mwenyewe na kukupa mbegu ya mama ya mwakani. Koo mbili badala ya tatu. Mpunga huo ukaitwa Nongken 58S, na mpaka kati ya ndefu na fupi kwake ni karibu saa 14.

Unajua hiyo saa 14 tunaifikisha lini hapa Embu? Hatuifikishi. Kamwe.

Ila kwanza tuelewe mpunga unajuaje. Hauna saa mkononi. Una rangi maalumu kwenye majani zinazohisi mwanga mwekundu, na una mdundo wa ndani wa saa 24, kama sisi tunavyosikia usingizi hata tukifungiwa chumba kisicho na dirisha. Ukilinganisha hayo mawili, jani linapima usiku ni wa urefu gani. Ni usiku unaopimwa hasa. Ndiyo maana mwanga mfupi katikati ya giza unaweza kuudanganya mmea kwamba siku ni ndefu. Habari hiyo inashuka hadi kwenye suke changa ambalo bado limejificha ndani ya shina, wiki kadhaa kabla halijachomoza. Kipindi hicho ndicho cha kuamua. Ukimulika kabla au baada, umechoma stima bure.

Kilicho ndani kilikuja kueleweka mwaka 2012, karibu miaka 40 baada ya Shi kuokota mashina yake. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, kulekule Wuhan, kilipata jeni yenyewe. Na ni jeni ya ajabu kwa sababu haitengenezi protini yoyote. Darasani tulifundishwa jeni ni maagizo, RNA ni nakala ya maagizo, protini ndiyo kazi. Hii inaishia kwenye nakala. RNA ndefu ya herufi 1,236, inaitwa LDMAR, na inavyoonekana kazi yake ni kuwepo tu, kwa wingi wa kutosha.

Fikiria kamati ya harusi. Harusi ya kijijini inahitaji mchango mdogo, watu ishirini wakitoa inatosha. Harusi ya hotelini inahitaji mchango mkubwa. Siku fupi ni harusi ya kijijini, siku ndefu ni ya hotelini. Mpunga wa kawaida siku zikirefuka unachangisha LDMAR ya kutosha na chavua inakomaa. Kwa Nongken 58S, herufi moja tu ya DNA imebadilika. Herufi moja! Umbo la RNA likapinda tofauti, mmea ukabandika alama za kemikali zaidi kwenye swichi inayowasha jeni hiyo, na mchango ukapungua. Siku fupi hakuna anayegundua. Siku ndefu bajeti haifiki, seli za vifuko vya chavua zinajiua kabla ya wakati, harusi inavunjika.

Mwaka uleule wa 2012 kikundi kingine cha Uchina kilifika mahali palepale kwenye DNA kwa njia yake, kikaongeza jambo ambalo kwetu ni kubwa: badiliko lilelile, likihamishiwa kwenye jamii ya mpunga wa indika, linaacha kusikiliza urefu wa siku na kuanza kusikiliza joto. Joto likipanda, tasa. Likishuka, anazaa. Herufi ileile, mwili tofauti, bosi tofauti.

Nilimwelezea haya rafiki yangu mmoja tuliyeanza naye chuo, yeye alibaki akamaliza. Akacheka, akaniambia nije nione. Alinipeleka mahali palipo na hadubini, akatoa ua la pishori la kawaida, akabana vifuko kwenye kioo, akadondosha tone la ayodini. Nikachungulia. Vidonge vyeusi tii, mviringo, vimejaa kama mbegu za mpapai. Hiyo nyeusi ni wanga, chavua iliyoshiba. "Ya mpunga tasa," akasema, "inakaa hivi: imesinyaa, rangi ya maji ya chai, au hakuna kitu kabisa." Nilikaa pale nikichungulia zaidi ya inavyohitajika. Sikumwambia kwamba kwa miaka miwili ya chuo nilisoma kuhusu chavua na sikuwahi kuiona.

Basi rudi Mwea. Ukileta Nongken 58S hapa, itafanya nini? Itazaa. Januari itazaa, Juni itazaa, kila msimu itazaa, kwa sababu kwa macho yake mwaka wetu wote ni siku fupi. Ile swichi waliyoitafuta Uchina iko ndani yake, nzima, ila hapa hakuna kidole cha kuibonyeza. Nusu ya kazi tunaipata bure. Wachina wakitaka kuzidisha mbegu ya mama wakati wa baridi hukimbilia kisiwa cha Hainan kule kusini. Sisi Hainan ni kila siku. Nusu ya pili, ile yenye pesa, ya kumfanya mama awe tasa ili atungwe na baba mwingine, jua letu limegoma.

Njia ambayo watafiti wa Kenya walijaribu, wakiwemo wa kituo cha Mwea kilichokuwa KARI na sasa ni KALRO, ni ya joto. Mwaka 2013 walichapisha tathmini ya mpunga wa aina hii, ule unaosikiliza mwanga na ule unaosikiliza joto. Ndani ya kivungulio, zile hema za plastiki tunazozoea kuona zina nyanya, joto lilipanda na uzazi wa kiume ukazimika. Kwa hiyo inawezekana. Embu, Mwea, popote penye jua na plastiki.

Lakini joto ni rafiki wa kigeugeu. Mwaka 1989 huko Uchina baridi isiyotarajiwa ilipiga katikati ya majira ya joto, na mpunga uliotakiwa kuwa tasa ukarudi kuzaa. Mama akijizalisha mwenyewe hivyo, mbegu ya chotara inachanganyika. Urefu wa siku hauna mambo hayo. Jua halichelewi kazini. Na sisi huku, mtu aliyelala Mwea mwezi wa Julai anajua jinsi baridi ya mlima inavyoteremka usiku, mchana umechomwa, alfajiri unatafuta sweta. Ukitegemea joto la nje kuweka mama tasa hapo, unacheza pata potea. Ukitegemea kivungulio, utapata mbegu ya majaribio, lakini mbegu ya kutosha wakulima wa uwanda mzima utaifunika na plastiki ya ukubwa gani?

Kwa hiyo nikawaza taa.

Hapa lazima niwapeleke Timau. Ukipita Meru mjini ukapanda upande wa Nanyuki, kabla ya kufika kuna mashamba ya maua kwenye baridi ya mlima. Ukipita usiku, utaona hema zinang'aa kama mtaa uliopewa mulika-mwizi nyingi kupita kiasi. Mara ya kwanza nilidhani ni watu wa zamu ya usiku. Kumbe ni maua yanadanganywa. Haiperikamu, ile yenye vitunda vyekundu kwenye mashada, asili yake ni nchi za siku ndefu. Ikipewa saa zetu kumi na mbili haichanui inavyotakiwa. Basi wanaiwashia taa, inaamini iko Ulaya mwezi wa Juni, inachanua, inakatwa, inapandishwa ndege kwenda hukohuko Ulaya. Biashara hiyo imeendelea Meru kwa miaka, juu kabisa ya mstari wa ikweta. Watu wanalipwa kwa kurefusha siku.

Tunaweza kuurefushia mpunga siku, basi. Tatizo ni hesabu. Shada la haiperikamu linalipia taa yake. Mbegu ya mpunga lazima imfikie cucu wangu kwa bei ambayo hatacheka. Ukimulika shamba zima la mbegu chotara kila usiku kwa wiki hizo za kuamua, bili ya stima utaiongeza kwenye kila kilo. Na stima yenyewe mnaijua. Ipotee usiku mmoja au mitatu wakati suke linaamua, baadhi ya vifuko vitapata nguvu, mama atajizalisha, na hutajua hadi mkulima aone shamba lake lina mimea ya aina mbili. Mimba ya kupotea kwa stima. Mtaani tunacheka na kisa kama hicho, kwenye mfuko wa mbegu si cha kuchekesha.

Nilikaribia kumpigia cucu nimwambie haiwezekani, kaa na pishori yako. Halafu usiku mmoja, bando ikiwa inaishia, nikakutana na mpunga wa tatu.

Unaitwa csa. Tabia yake ya kufuata urefu wa siku ilielezwa mwaka 2013 na kikundi cha Shanghai. Jeni iliyoharibika kwake ni nyingine kabisa, ni msimamizi anayeamrisha jeni zingine, na kazi yake ni kuhakikisha sukari inatoka kwenye majani na kufika kwenye vifuko vya chavua. Akikosekana, sukari inabaki majani, chavua inakufa njaa. Jina lenyewe linasema hivyo, ni kifuko kilichokosa chakula. Na huu mpunga uko kinyume na ule wa Shi. Siku fupi, tasa. Siku ndefu, unazaa.

Niliweka simu chini.

Kwa sababu, wasee, sisi mwaka wote ni siku fupi. Mpunga wenye swichi hiyo hapa Mwea utakuwa tasa shambani, nje, juani, bila hema, bila taa, Januari hadi Desemba. Shamba la mbegu chotara, lile kubwa, halihitaji chochote ila baba na kamba. Taa utahitaji sehemu ndogo tu, ya kuzidisha mbegu ya mama, kwa vile hapo ndipo unapotaka azae. Eka chache kwa ajili ya mbegu ya mama itakayopandwa maeneo mengi. Na stima ikipotea? Mama anarudi kuwa tasa. Utapoteza punje kadhaa, hutachafua mbegu. Kosa linaangukia upande salama. Uchina waliposoma kuhusu csa waliona mpunga wa kusini kwao, kwenye siku fupi za Hainan. Mimi nikaona bango lile la Nkubu.

Sasa, mimi si mtafiti, ni mtu wa mwaka wa pili aliyeishiwa karo, na hesabu yangu ni ya kwenye simu. Jeni hiyo haijakaa ndani ya pishori. Kuihamisha, ama kwa kuzalisha vizazi baada ya vizazi ama kwa kuhariri DNA moja kwa moja, ni miaka ya kazi, na mtu wa kuifanya lazima awe na maabara, mshahara na subira. Pishori nayo, ambayo ni Basmati 370 kwa jina la vitabuni, inalipwa kwa harufu yake. Ukipata chotara anayejaza magunia lakini akipikwa hanukii, soko la Wang'uru litamkataa kabla hajashuka kwenye pikipiki. Hilo ni gumu kuliko utasa, kama utaniuliza.

Lakini naona jambo moja na sitalificha. Chuo Kikuu cha Embu kipo, kilipata hati yake mwaka 2016. KALRO iko Mwea. Bwawa la Thiba lilifunguliwa Oktoba 2022 na maji ya msimu wa pili yapo. Nchi inaagiza mchele meli kwa meli kutoka Pakistan, na malori kutoka Tanzania. Kila tukizungumza teknolojia ya mbegu tunazungumza kama watu wanaongoja kifurushi kifike, na kifurushi kilichotengenezwa Hubei kimeandikwa kwa saa za Hubei. Swichi yetu lazima iwe ile inayobonyezwa na siku zetu. Mtu wa kuichagua ni mtu anayeishi hapa, anayejua kwamba Februari jua linachelewa na bado siku haijarefuka. Nina wenzangu wengi walioacha masomo na wengine waliomaliza wakakosa kazi, wako mtaani Embu na Meru wanaendesha boda, na kuna kitu hapa cha kufanya kinachohitaji watu wa kuhesabu chavua nyeusi na chavua ya rangi ya chai asubuhi hadi jioni.

Nilishuka Wang'uru Jumamosi, nikapanda boda hadi kwa cucu. Alikuwa anapepeta, ungo mkononi, kuku wamemzunguka. Nikamweleza yote, kamati ya harusi, Timau, kamba. Alicheka sana kwenye sehemu ya mume aliyekosa sukari, akasema anawajua kadhaa hapo kijijini. Kisha akauliza: "Na hiyo mbegu, nikivuna, naweza kuweka gunia moja nipande mwaka ujao?"

Nikamwambia ukweli. Hapana, cucu. Ya chotara ukiipanda tena inatawanyika, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na kwa hii wengine watarithi utasa. Lazima ununue kila msimu.

Akaendelea kupepeta. Makapi yakaruka upande wa barabara.

"Sasa nani ataiuza," akasema, "na ataiuza pesa ngapi?"

Hilo sikuwa nimelitafuta. Akanionyesha gunia la mbegu yake lililofungwa kwa kamba ya katani, liko kwenye kona juu ya mawe, panya wasifike, akaniambia nilihamishe upande wa pili kwa sababu paa linavuja. Nikalihamisha. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili, ndege washaanza kutua tena.